Safu ya Abiria

Baba alinipigia simu asubuhi moja nikiwa kazini, akasema maneno mawili tu: "Taa imerudi."

Hakuanza na salamu, wala mimi sikumwamkia, na kwetu hilo si jambo dogo. Nilijua anasema taa gani. Kwa miaka mingi mimi na yeye tuliishi tukiamini kwamba taa ile ilikuwa na mtu wake, na mtu huyo hakuwa amepanda gari letu tangu nilipokuwa darasa la nne.

"Nani alikuwemo?" nikamuuliza.

"Nilikuwa peke yangu. Natoka kuchukua salfa."

Nilisikia injini ikiunguruma upande wake, ikikatakata. Ghafla nikaisikia harufu ya salfa, ile harufu ya kiberiti kilichozimika, kana kwamba mfuko ulikuwa umepasuliwa mezani pangu katikati ya ofisi. Kila msimu wa kupuliza mikorosho, gari la Baba lilibeba mifuko ya salfa kwenye buti, na harufu yake haikutoka tena vitini. Utoto wangu wote una harufu hiyo, na humo ndani yupo Mjomba Barnaba, kaka mkubwa wa Mama.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, aina ya saluni, jeupe, lililonizidi umri. Lilikuja na maandishi ya Kijapani kwenye kona ya kioo cha mbele, na Baba alikataza yasibanduliwe, kana kwamba yalikuwa cheti chake. Baba alifundisha sayansi shule ya msingi hapo Newala. Jumapili alisoma masomo kanisani kwa sauti nzito, lakini siku nyingine zote sita alikuwa mtu wa swali moja: "Umejuaje?" Nikisema mvua itanyesha, ataniuliza nimejuaje. Nikisema kaka yangu kala ndizi yangu, ataniuliza nimejuaje. Watu husema mimi ni mbishi kwa sababu nilisoma chuo kikuu. Si kweli. Nilifika chuo nikiwa nimeshaharibiwa nyumbani.

Taa ilianza kuwaka nikiwa na miaka kama tisa. Ilikuwa ndogo, rangi ya embe bivu, chini kidogo ya mshale wa mwendo. Watu wazima walisema ni picha ya injini. Mimi sikuona injini yoyote. Mtoto aliyekulia Newala, anayejua kupanga ndoo kwenye foleni ya maji, akiona kitu chenye tumbo, shingo na mdomo, anaona bomba la maji.

"Baba, gari lina kiu," nilimwambia. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Lakini halikuwa jambo la kucheka sana. Taa ikiwaka, gari liliishiwa nguvu. Lilitetemeka, likakohoa, na kama tulikuwa tunapanda kurudi Newala, watu waliokuwa wakisukuma baiskeli zao mlimani walitupita huku wakitupungia mkono. Halafu kesho yake taa imezimika yenyewe, na gari linakwenda kama vile halijawahi kuugua.

Baba akalipeleka Masasi kwa Fundi Shaibu, aliyekuwa na karakana chini ya moja ya yale majabali makubwa. Fundi alikuwa na mashine ndogo yenye waya, anauchomeka chini ya usukani, mashine inatoa namba, na namba inasema kosa liko wapi. Mara ya kwanza namba ilisema ni sensa ya hewa, kile kifaa kinachoipimia injini hewa. Ikabadilishwa. Mara ya pili ikasema ni sensa ya kanyagio la mafuta. Mara ya tatu ikaja namba nyingine kabisa. Mara ya nne taa ilikuwa imezimika kabla hatujafika.

"Mwalimu, gari lako linanicheza," Fundi Shaibu alisema akijifuta mikono. "Huko njiani linasumbua, likifika kwangu linatulia kama mtoto aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Mimi nafuta namba, lakini itarudi. Andikeni."

"Tuandike nini?"

"Kila inapowaka. Siku gani, mahali gani, jua au mvua, tangi lina mafuta kiasi gani. Ugonjwa wa kuja na kuondoka unataka mtu wa kuukalia macho."

Baba alifurahi kama mtu aliyeambiwa amepona. Jioni ile ile alinipa daftari jipya, akalipiga mistari kwa rula. Siku. Mahali. Hewa. Mafuta. Upande wa kulia palibaki nafasi tupu, na mimi, kwa sababu sikupenda ukurasa wenye nafasi tupu, nikasema tuongeze safu ya tano: Abiria. Baba akanitazama kwa fahari. "Mwanasayansi haachi kitu," akasema. Safu ile niliiomba mwenyewe.

Mjomba Barnaba aliishi Mkunya, kwenye shamba lake la mikorosho na muhogo. Alikuwa na sukari, na kidole kimoja cha mguu wake wa kulia kilikuwa na kidonda kisichokubali kufunga. Kila Jumamosi tulipitia Mkunya kumchukua, tukamteremsha Masasi hospitali kusafishwa. Mama alikwenda naye kila mara, kwa sababu alisema kaka yake akiingia kwa daktari peke yake anasikia anachotaka kusikia. Na mimi nilikuwepo kwa sababu ya daftari.

Tukifika Mkunya, Mama alishuka kiti cha mbele, akahamia nyuma na mimi. Hakuna aliyemwambia ahame. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto. Baba anazaa na kulea, lakini jina, ndoa, ugomvi na msiba wa mtoto vina neno la mjomba wake. Mtu kama huyo hapandi nyuma. Nadhani hata padri angekuwemo, angesogea nyuma akae na sisi.

Na Mjomba aliogopa gari. Mtu aliyeua nyoka kwa jembe bila kuinua sauti, akikaa kiti cha mbele alishika mpini wa mlango kwa mikono yote miwili. Tulipoanza kuteremka kutoka juu, pale barabara inapoinamia bonde na majabali ya Masasi yanatokeza mbali kama migongo ya tembo, alikuwa anafunga breki. Breki yake mwenyewe. Aliunyosha mguu wa kulia, akakandamiza sakafuni kwa kisigino, maana vidole vilikuwa na bandeji.

"Shemeji, hapo punguza."

"Nimepunguza, shemeji."

"Mbona mimi bado nakanyaga?"

"Kanyaga tu, tusaidiane," Baba alijibu, na sisi huku nyuma tulikufa kwa kicheko. Mama aliinama akasema, "Kaka, siku moja utatoboa gari la watu, tukimbie kwa miguu." Mjomba naye akacheka, lakini kisigino hakukitoa.

Niliuona ule mguu. Nimeshafanya kazi na watu wenye shahada kubwa, nimeshakaa kwenye mikutano ya kujadili nini husababisha nini, na bado narudi pale katikati ya viti viwili, nimechomoza kichwa, natazama kisigino kikizama kwenye kapeti. Dakika moja baadaye taa inawaka, injini inakohoa, nami nainamia daftari langu na kuandika: Jumamosi. Mteremkoni. Jua. Nusu tangi. Mjomba.

Baada ya miezi mitatu nilikaa na rula, nikapitia safu moja moja kutoka juu hadi chini. Hewa haikusema kitu, taa iliwaka kwenye jua na kwenye ukungu. Mafuta nayo hayakusema kitu. Mahali palikaribia kusema, maana mara nyingi ilikuwa mteremkoni, lakini tulikuwa tumeteremka siku nyingine nyingi na haikuwaka. Nikafika safu ya mwisho. Mjomba. Mjomba. Mjomba. Mjomba na Shangazi. Mjomba. Hapakuwa na mstari hata mmoja usio na jina lake.

Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile tena. Mashine ya Fundi Shaibu ilishindwa na mimi nimeweza. Sikumwambia Baba. Nilitaka nimwambie mbele za watu.

Watu walipatikana wiki ile ile. Tulikuwa tunaweka msalaba kwenye kaburi la Bibi, mama yao Mama na Mjomba, na ndugu walitoka Tandahimba na Lupaso wakajaa uani kwa Mjomba, Mkunya. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji, mkubwa wa ukoo, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na kandambili kwa sababu ya bandeji. Ibada ikaisha, tukala, na wanaume wakaanza kumtania Baba kuhusu gari lake. Limepona? Au bado linataka kubembelezwa?

"Mwulizeni daktari wake," Baba alisema, akaninyooshea mkono. "Haya, Daktari Tekla, toa majibu."

Nikasimama. Daftari lilikuwa kwapani, nilikuja nalo makusudi. Nikasema kwa sauti niliyojifunza kwa Baba kanisani: "Taa inawaka Mjomba akipanda. Asipopanda haiwaki."

Watu wakacheka. Baba, kwa mazoea tu, akaniuliza, "Umejuaje?"

Nikafungua daftari, nikasoma. Nikasoma mstari baada ya mstari, siku, mahali, na jina. Kicheko kikaanza kupungua. Nilipomaliza ukurasa wa pili nilisikia hata sufuria ikikwanguliwa jikoni.

Shangazi Hilda, dada yake Baba, ndiye aliyetangulia. "Kumbe hata chuma kinajua," akasema.

Sikuelewa alisema nini. Watu wazima walielewa. Msimu ule maua ya mikorosho ya majirani yaliliwa na ubwiri, ule ugonjwa wa unga mweupe, ya Mjomba yakasimama. Alikuwa anaamka alfajiri kupuliza salfa umande ukiwa bado kwenye majani, na wao walipuliza jua likishatoka, lakini hilo halikuzuia watu kuulizana pembeni ana dawa gani. Sasa mtoto wa shule, mtoto wa Mwalimu, kasimama uani kwa mtu na ushahidi wa maandishi.

Mjomba mwenyewe alicheka kwa nguvu kuliko wote. "Basi mimi fundi kumshinda Shaibu!" akasema. "Yeye mpaka mashine. Mimi nikikaa tu, taa hiyo." Akanivuta, akanipapasa kichwa. Watu wakapata ruhusa ya kucheka tena, nami nikakaa chini nikiwa na hakika nimefanya vizuri sana.

Wiki ile watoto wa Mkunya walimpa jina: Mjomba Taa. Vijana wa bodaboda nao wakawa wanawasha pikipiki na kumwuliza kwa adabu zote, "Shikamoo Mzee. Hii ya kwangu hutanizimia?" Naye aliitikia marahaba, akapita.

Jumamosi iliyofuata tulipofika kwake, mkewe alituambia ameshaondoka na pikipiki. "Kasema mguu unataka upepo." Tukaenda Masasi bila yeye, kununua mahitaji ya nyumbani, Mama akakaa mbele. Taa haikuwaka. Niliandika *Haikuwaka* kwa kalamu nyekundu, nikapiga mstari chini yake. Jumamosi ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, Baba hakukata kona ya Mkunya. Hakusema kwa nini. Aliendesha akitazama mbele, na gari lilikwenda vizuri mno.

Baba hakuamini uchawi wala mkosi. Alikuwa akiwachapa wanafunzi wanaovaa hirizi, akawaeleza jinsi radi inavyotokea. Mtu akimwuliza kuhusu shemeji yake alisema ni sadfa tu, mambo ya kitoto. Lakini hakwenda kumchukua tena. Nikijaribu kumtetea nashindwa, na nikijaribu kumlaumu nashindwa pia, maana najua alichoamini. Aliamini daftari.

Mama hakugomba. Siku moja alikuwa anamenya muhogo uani, akaniambia nimletee lile daftari. Akajifuta mikono, akalisoma polepole, kidole chake kikishuka kwenye ile safu ya mwisho.

"Jumamosi zote hizi, mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa kiti cha nyuma, Mama."

"Mbona simo?"

Nikamwambia kwamba yeye si abiria. Yeye ni Mama.

Akaligonga daftari kwa kidole. "Nilikuwemo kila siku aliyokuwemo kaka yangu. Na wewe ulikuwemo. Na baba yako. Tuandike wote, halafu nenda Mkunya ukaseme upya."

Akanirudishia, akaendelea na muhogo wake. Mama aliishia darasa la saba. Nilikuja kufundishwa jambo lile chuo kikuu, kwa mihula miwili, na mwalimu aliyelieleza hakulieleza vizuri kama yeye. Lakini siku ile nilinuna. Niliona Mama anamtetea kaka yake. Sikuandika jina la mtu yeyote, na sikwenda Mkunya.

Mjomba aliendelea na pikipiki kwa muda, kidonda kikila vumbi. Kisha akawa anakwenda zahanati ya karibu, akikumbuka. Kisha akawa hakumbuki. Nilipokuwa kidato cha kwanza walimkata mguu chini ya goti.

Najua unachotaka kuniambia, kwa sababu nimeshajiambia. Sukari inakata miguu ya watu waliopanda magari kila wiki. Kitu kikitokea baada ya kingine haina maana kimesababishwa nacho, na mimi, kati ya watu wote, nilipaswa kuwa nimeshajifunza hilo. Ni kweli. Siwezi kuthibitisha kwamba nilichangia. Lakini naona jinsi shaka yangu inavyokuja haraka pale inaponifaa. Uani kwa Mjomba haikuja.

Baada ya simu ya Baba niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi kwenda nyumbani. Tukalipeleka gari Masasi pamoja. Fundi Shaibu amezeeka, anakaa kwenye benchi na kutoa maoni. Kazi anafanya binti yake, Mwanahawa, rika langu, aliyesomea umeme wa magari. Baba akamweleza namba zote zilizowahi kutoka, kwa kumbukumbu. Mwanahawa hakuchukua mashine.

"Namba tofauti tofauti, zinakuja na kuondoka," alisema. "Hizo sensa zote haziwezi kufa kwa zamu. Zina njia moja. Kiti hiki cha mbele anakaa nani?"

Akafungua mlango wa abiria, akapiga magoti, akaing'oa kapeti ya miguuni. Upande wa chini ilikuwa na vumbi la njano la salfa. Upande wa juu, mahali pamoja, ilikuwa imelika kwa umbo la mviringo, nyuzi zimekwisha, pamebaki kama ngozi. Chini ya mviringo ule lilipita fungu la nyaya linalokwenda kwenye kontroli boksi, ubongo wa injini, na nyaya mbili zilikuwa zimebonyea, ganda limepasuka, shaba ndani imeota kutu ya kijani.

"Washa," akamwambia Baba.

Injini ikawaka. Mwanahawa akaweka kisigino chake kwenye zile nyaya, akakandamiza. Injini ikakohoa. Taa ikawaka, rangi ya embe.

"Mtu amekanyaga hapa miaka na miaka," alisema. "Akiacha, shaba iliyokatika inashikana tena, mambo yanakuwa safi. Siku hizi kutu imezidi, hata bila kukanyagwa inakatika." Akageuka kwa baba yake. "Wewe hukuwahi kufunua hapa?"

"Mashine ilisema sensa," Mzee Shaibu akajibu kutoka kwenye benchi.

Baba aliendelea kushika usukani wa gari lililosimama. Miguu ya Mama haifiki pale hata akijinyoosha. Kama siku moja tungemkalisha Mjomba kiti cha nyuma, taa isingewaka, na jibu lingepatikana kwa Jumamosi moja. Nilikuwa na kila kitu kwenye daftari langu isipokuwa mahali kila mtu alipokaa, kwa sababu mahali hapo palikuwa pameshapangwa na heshima, na sikujua kwamba heshima nayo ni kitu cha kuandikwa.

Kesho yake nilikwenda Mkunya. Nilimkuta Mjomba uani, magongo yameegemezwa ukutani, anachagua korosho za mbegu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za mjini. Nikamweleza yote: kapeti, nyaya, kisigino. Nilijikuta nikieleza kama mtu anayesoma ripoti, kwa sababu sikujua namna nyingine.

Alisikiliza, kisha akaangalia suruali yake iliyokunjwa na kubanwa kwa pini gotini.

"Kwa hiyo ni mguu."

"Ni mguu, Mjomba. Breki."

"Basi daktari aliponikata alilitibu gari." Akacheka, mpaka akakohoa. Nilijaribu kucheka naye nikashindwa.

Akarudi kwenye korosho zake. Akachagua kama tano hivi, ndipo akasema, bila kuniangalia, "Mimi niliamini, unajua."

"Uliamini nini?"

"Kwamba ninacho kitu. Sikujua nimekitoa wapi. Nilijitafuta sana, Tekla. Harusi ya binamu yako wa Lupaso sikwenda, walikuwa wanamletea cherehani mpya, nikaona nisije nikaiharibu. Wajukuu wakizaliwa nilikuwa nawaangalia mlangoni." Akatupa korosho mbovu pembeni. "Ungesema kwa mdomo tu, ningecheka mpaka leo. Watoto wanasema mengi. Lakini wewe uliandika."

Nikamwomba msamaha. Aliniambia nisimame, jua linahamia upande wangu. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe, na sikuthubutu kumwuliza tena.

Jumamosi nilimwomba Baba funguo, nimpeleke Mjomba hospitali Masasi. Nilipofika Mkunya na Mama, Mama alishuka kiti cha mbele kama zamani, akaingia nyuma. Mjomba alisimama na magongo yake mbele ya mlango uliofunguliwa, akaitazama ile kapeti mpya. Alisimama muda mrefu kiasi kwamba nilidhani atarudi ndani. Kisha akaingia kwa kutanguliza mgongo, akashika mpini wa mlango kwa mikono miwili.

Tulikwenda bila maneno mengi. Tulipofika pale barabara inapoinama, majabali yakatokeza, na nikasikia akivuta pumzi.

"Hapo punguza."

"Nimepunguza, Mjomba."

Kwa jicho la pembeni nikaona suruali iliyobanwa kwa pini ikisogea. Goti lilisukuma mbele, kwa nguvu, likakandamiza hewa. Alikuwa anafunga breki kwa mguu usiokuwepo. Alifanya hivyo mteremko mzima. Tulipofika chini, tambarare, alilegeza mikono, akainama upande wangu kutazama chini ya mshale wa mwendo.

"Haijawaka?"

"Haijawaka, Mjomba."

Akakaa sawa, akatazama barabara. "Andika," akasema.

Nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono yote miwili. Kutoka nyuma Mama akasema, "Na mimi nipo. Uniandike."